Tuhuma na Asili ya Mtu

Mtaa wa Malindi, upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Unguja, umekuwa kwa muda mrefu mlango wa kisiwa. Hapa ndipo majahazi yalipotia nanga kwa upepo wa kaskazi, yakiteremsha tende, mazulia, papa wakavu na watu. Na hapa ndipo yalipopakia boriti na karafuu yakingoja kusi. Washihiri waliokuja kuchukua mizigo na kuuza kahawa, Wangazija mabaharia na walimu, Wahindi wafanya biashara, Wabajuni wavuvi, na watu wa bara waliofika kwa hiari au kwa minyororo, wote wamepita katika mji huu na wengi wao wakabaki. Karibu na lango la bandari pamesimama kituo cha polisi. Ikiwa kuna pahala katika visiwa hivi ambapo swali la "Wewe ni nani, na umetoka wapi?" limeulizwa mara nyingi kuliko pengine, basi ni hapa.

Swali hilo laweza kuwa salamu, na laweza kuwa tuhuma. Mwenyeji humwuliza mgeni ili ajue namna ya kumkaribisha. Askari naye huweza kumwuliza mpita njia kwa sababu tu ya rangi ya ngozi yake, matamshi yake, au vazi lake, akiwa amekwisha kuamua moyoni kwamba mtu wa namna hiyo hakosi kuwa na ovu. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali la namna hii ya pili. Je, ni haki dola kumtuhumu mtu kwa asili yake? Na ikiwa si haki, je, walau kuna faida?

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtu aliyeibiwa akisema kwamba mwizi wake alikuwa kijana mrefu, mweupe, mwenye kovu shavuni, polisi hana budi kumtafuta mtu wa sifa hizo. Hapo sura ni alama ya mtu mmoja aliyetenda tendo moja. Lakini polisi akiwasimamisha vijana wote weupe kabla ya kitu chochote kuibiwa, sura imegeuzwa kuwa ndiyo kosa lenyewe. Katika hali ya kwanza tendo limetangulia na mtu akatafutwa. Katika hali ya pili mtu ametangulia na tendo likatafutwa ili limfae. Hoja yetu yote inahusu hali hii ya pili.

Desturi ya kuwapanga watu kwa asili ili wapewe au wanyimwe haki ilipata nguvu kubwa kwetu chini ya ukoloni. Utawala wa Kiingereza, ulioanza Unguja na Pemba mwaka 1890, uliwaandika watu katika mafungu: Mwarabu, Mhindi, Mwafrika, na mengineyo. Msomaji na atazame jinsi mafungu hayo yalivyokuwa mepesi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924 maelfu ya watu waliandikwa Waswahili. Ilipofika hesabu ya mwaka 1931, jina hilo lilikuwa karibu kutoweka, na wale wale waliolichukua walikuwa wameandikwa chini ya majina mengine. Katika miaka saba hiyo hakuna aliyebadili ngozi wala kaburi la babu yake. Kilichobadilika ni faida na hasara iliyoambatana na kila jina. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vyakula vilipogawiwa kwa kipimo, mchele ulipewa hasa wale walioandikwa Waarabu na Wahindi, na walioandikwa Waafrika wakapewa nafaka nyingine. Jina lililo katika daftari likawa ndilo linaloamua kilichomo chunguni.

Katika nchi jirani ya Kenya mambo yalikuwa mazito zaidi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kuchukua kipande, cheti chenye alama za vidole vyake, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mzungu hakukivaa. Askari aliyetaka kujua nani wa kumsimamisha njiani hakuhitaji kuuliza lolote, rangi ilimwambia. Huko Afrika ya Kusini cheti cha namna hiyo ndicho kilichowatoa watu majumbani kule Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, polisi wakawapiga risasi na kuwaua watu 69. Tarehe hiyo sasa huadhimishwa ulimwenguni kote kuwa siku ya kupinga ubaguzi wa rangi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumtwika mkoloni lawama zote. Lakini ukweli hautupi ruhusa. Visiwa hivi vilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, serikali mpya iliwaachisha kazi askari polisi wengi wenye asili ya bara. Hawakuachishwa kwa kosa walilotenda. Walishukiwa kwa walikotoka. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yalipoanza kwa kushambuliwa ghala za silaha za polisi huko Ziwani na Mtoni, miongoni mwa washambuliaji walikuwamo askari wale wale walioachishwa. Waliotuhumiwa kuwa maadui kwa asili yao walikuwa wamefanywa maadui kweli. Na katika siku zilizofuata wako raia wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu na ya Kihindi, waliouawa au waliokimbia nchi, ambao hawakuhukumiwa kwa walilotenda bali kwa nasaba waliyozaliwa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wangazija wa Unguja, ambao wengine walikuwa na vizazi kadhaa hapa, walitakiwa kuuthibitisha upya uraia wao. Hivyo kipimo kilekile kilipita mikono mitatu, na kila mkono ulikuta wa kumpima. Kitu hiki si mali ya rangi moja wala ya chama kimoja. Ni maradhi ya madaraka yanapochoka kuwatazama watu mmoja mmoja.

Sasa tusikilize hoja ya upande wa pili, maana hoja isiyojibiwa haifi. Husemwa: askari ni mtu, ana macho mawili na saa chache. Hawezi kumchunguza kila apitaye. Ikiwa uzoefu umemfundisha kwamba jamii fulani ina wahalifu wengi zaidi, je, si busara aanzie hapo? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na wahenga hawakusema kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza?

Tuanze na hesabu, kwani ndiyo nguzo ya hoja hii. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mji mmoja wako vijana elfu wa kabila fulani, na kumi kati yao ni wezi. Wako vijana elfu wengine wa kabila la pili, na kati yao wezi ni watano. Ni kweli kwamba kabila la kwanza lina wezi mara mbili. Lakini askari akiwasimamisha vijana wote wa kabila la kwanza, atawatahayarisha watu 990 wasio na hatia, na wale wezi watano wa kabila la pili watapita mbele yake wakimsalimia. Zaidi ya hayo, mara nyingi hata tofauti hiyo huwa haikupimwa kwa haki. Ndoano ikitupwa mwamba mmoja tu kila siku, italeta samaki wa mwamba ule tu. Na mvuvi asiyetupa kwingine ataapa kwamba bahari nyingine haina samaki. Askari anayewapekua watu wa jamii moja atawakamata wahalifu wa jamii ile, kisha atazitumia hesabu za waliokamatwa kuwa ushahidi kwamba alikuwa sahihi kuwapekua.

Ama methali ya samaki, imetumiwa kinyume cha makusudio yake. Inawaonya walio ndani ya tenga wajihadhari wasiambukizwe uovu wa mwenzao. Haimpi mnunuzi ruhusa ya kulitupa tenga. Nenda mnadani Malindi asubuhi uone. Mnunuzi hodari hufunua mashavu ya samaki, hutazama jicho, hubonyeza mnofu. Na hufanya hivyo kwa kila samaki. Akisema "samaki wa ngalawa hii wote wabovu" bila ya kugusa hata mmoja, watu watamcheka, na wenzake watanunua samaki wazuri kwa bei nafuu. Itakuwa ajabu tukimpa samaki uchunguzi ambao tunamnyima binadamu.

Hoja hizi si za nadharia tu. Mji wa Nairobi umetupa mifano miwili iliyoachana kwa miaka sitini. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji huo katika msako ulioitwa Anvil, ikawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu. Waliopita kwenye mchujo walionyeshwa kidole na watu waliofunikwa magunia, na wengi wakapelekwa makambini bila kesi. Aprili 2014 serikali ya Kenya huru, baada ya mashambulizi ya kigaidi yaliyoua watu wengi, likiwamo lile la Westgate la Septemba 2013, iliendesha msako wa Usalama Watch katika mtaa wa Eastleigh. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani; miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya. Hatari iliyokuwapo ilikuwa ya kweli, na serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalinda watu wake. Lakini tarehe 2 Aprili 2015, chini ya mwaka mmoja baada ya watu kujazwa Kasarani, magaidi waliwaua watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana Mkenya mwenye asili ya Kisomali, mtoto wa chifu. Na baba yake alikuwa ameshaiarifu serikali kwamba mwanawe ametoweka. Habari iliyokuwa na thamani ilitoka ndani ya jamii iliyotuhumiwa, ikaletwa na mzazi. Jamii ambayo wazee wake wanatukanwa njiani na vijana wake wanarundikwa katika karandinga itawezaje kuendelea kuleta habari kama hizo? Polisi asiyeaminiwa hana masikio.

Hasara haiishii kwa polisi. Kijana anayesimamishwa leo, kesho na keshokutwa, mbele ya jirani zake na mbele ya mwanamke anayetaka kumposa, hujifunza somo ambalo shule haikumfundisha: kwamba nchi hii ina wenyewe, na yeye si mmoja wao. Wengine hunyenyekea na kuficha lugha ya mama zao. Wengine hujiambia kwamba kama jina la uovu limekwisha kutolewa, hakuna hasara katika kuufanya. Mzee hukaa ndani. Mfanya biashara hutenga fedha za hongo, maana tuhuma isiyo na ushahidi ina bei, na askari mbovu anaijua. Raia wanaotazama, ambao hawaguswi, nao huharibika: wanazoea kuona mtu akidhiliwa bila ya kuuliza amefanya nini.

Wala asidhani mtu kwamba mizani hii itakaa mkononi mwake daima. Kijana wa Unguja anayejiona mwenyeji kamili Malindi, akifika London huwa ni mtu mweusi tu machoni mwa askari wa kule. Nchini Uingereza takwimu za serikali zenyewe zinaonyesha kwamba watu weusi husimamishwa na kupekuliwa mara kadhaa zaidi kuliko weupe. Baada ya kijana mweusi Stephen Lawrence kuuawa mwaka 1993 na uchunguzi kuvurugwa, tume ya Sir William Macpherson ilitamka mwaka 1999 kwamba ubaguzi ulikuwa umejengeka katika taasisi ya polisi wa London. Kijana wetu aliyeko huko anaona kwa uchungu dhuluma anayotendewa. Swali ni kama akirudi nyumbani ataiona dhuluma ileile anapotendewa Mmasai anayeuza shanga katika vichochoro vya Mji Mkongwe, au kibarua wa bara anayeshuka botini na mfuko wake begani, na macho ya watu yakamfuata kana kwamba kila kilichopotea mjini kimo ndani ya mfuko huo.

Sheria zetu zimekwisha kusema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 zote zinatamka usawa wa watu mbele ya sheria na zinakataza ubaguzi. Tena zinataka mtu ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Lakini katiba haitembei doria. Anayetembea doria ni askari, na askari hutoka katika nyumba zetu na madarasa yetu. Neno "Mmanga", "Mgozi", "Mbara" au "Mpemba", likitamkwa nyumbani kwa dharau, mtoto hulibeba mpaka siku atakapovaa sare na kupewa rungu.

Kwa hiyo wajibu unaanzia mbali na kituo cha polisi. Mwalimu anaposikia darasani "watu wa namna ile ndivyo walivyo", asipite. Na aulize: ni nani hasa, amefanya nini, na nani aliona? Maswali hayo matatu ndiyo ambayo askari mwadilifu hujiuliza kabla ya kunyoosha mkono. Asiyeweza kuyajibu hana tuhuma. Ana chuki tu, au ana woga. Woga si dhambi, na askari anayelinda watu usiku ana haki ya kuuhisi. Bali hana haki ya kumlipisha gharama zake mtu ambaye kosa lake pekee ni kuzaliwa na mama yake. Utu wa mtu haungoji cheti wala hautoki kwa babu. Dola iliyotaka kujengwa juu ya utu huo itapimwa kwa namna inavyomsimamisha mnyonge njiani, na kwa maneno inayoanza nayo.