Majivu ya Saruji

Kitongoji cha Noble kiko kaskazini magharibi mwa jimbo la Georgia, Marekani, si mbali na mji wa Chattanooga ulio ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Tennessee. Huko Mzee Tommy Marsh alifungua tanuri la kuchomea maiti katika eneo la nyumbani kwake. Aliliita Tri-State, yaani la majimbo matatu, kwa kuwa lilihudumia Georgia, Tennessee na Alabama. Wafiwa wenyewe hawakuwa na haja ya kufika pale. Wateja wa Mzee Marsh walikuwa nyumba za mazishi. Nyumba ya mazishi ikimpokea marehemu ambaye jamaa zake wametaka achomwe, ilipiga simu Noble. Gari lilikuja, mwili ukachukuliwa, na baada ya siku chache majivu yakarudi yamefungwa vizuri, yameandikwa jina.

Ukoo wa Marsh ulikuwa na heshima yake katika eneo lile. Mzee alipougua mwaka 1996, mwanawe Ray Brent, kijana wa miaka ishirini na kitu, alishika kazi. Nani angeshtuka? Mtoto kuirithi kazi ya baba ndiyo sifa inayonadiwa kuliko zote katika biashara hii. Ukipita kwenye miji midogo ya Marekani utakuta nyumba za mazishi zenye jina la ukoo juu ya mlango: baba na wanawe, au kaka na dada, kizazi cha pili au cha tatu. Mwenye nyumba alisoma na marehemu, anawajua wajukuu, anajua kanisa la kupiga kengele. Mfiwa anayeingia pale hajisikii mteja. Na kusema kweli, nyumba nyingi za namna hiyo hufanya kazi ya haki kabisa: huwaandikia wafiwa tangazo la gazeti, hufuatilia cheti cha kifo, huosha na kumvika marehemu, hupanga magari, hupatanisha ndugu wanaogombania saa ya ibada. Miezi sita baadaye bado wanampigia simu mjane kumjulia hali.

Ndiyo maana kisa cha Noble kinauma.

Februari 2002, baada ya taarifa kuwafikia maofisa wa mazingira wa serikali kuu, wakaguzi walikwenda pale wakakuta fuvu la mtu na mifupa. Walipozidi kutafuta walikuta miili vichakani, mingine ndani ya vibanda, mingine imejazwa katika masanduku ya zege yanayowekwa makaburini. Baadhi ilikuwa ingali na vitambulisho vya hospitali. Gavana alitangaza hali ya dharura, na wataalamu wa maafa makubwa, watu waliozoea kuitwa ndege zinapoanguka, waliletwa kuhesabu wafu katika uwanja wa nyumba ya mtu. Hesabu ilipofungwa ilikuwa miili 334. Waliotambuliwa ni 226.

Wakati huo majivu yao yalikuwa tayari sebuleni kwa watoto wao, au yamezikwa kwa ibada, au yamemwagwa baharini kwa wasia. Waliokuwa nayo bado waliyapeleka yakapimwa. Baadhi yake yalikuwa saruji.

Watu wengi wakikisikia kisa hiki huuliza kwa nini. Ray Brent Marsh alikiri makosa mwaka 2004, akafungwa miaka 12, akatoka 2016. Alipohukumiwa aliomba radhi, ila sababu hakuitoa. Habari za mwanzo zilisema tanuri lilikuwa bovu. Baadaye mawakili wake wakaleta dhana kwamba zebaki inayotoka kwenye meno yaliyozibwa ilimtia sumu ya akili. Mimi sidhani kwamba tutapata jibu, wala sidhani kwamba ndilo linalotufaa. Swali langu ni jingine: ilipita miaka takriban mitano, nyumba nyingi za mazishi zikapeleka miili, na hakuna aliyejua?

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Marsh alikuja mwenyewe kuchukua maiti na kurudisha majivu. Hiyo ilionekana ni huduma nzuri, na ilikuwa pazia: mwenye nyumba ya mazishi hakuwa na sababu ya kwenda Noble. Sheria ya Georgia ya wakati ule nayo iliyaacha nje ya leseni matanuri yasiyohudumia wananchi moja kwa moja, kwa hiyo mkaguzi wa serikali hakuwa na sababu ya kwenda pia. Kuna dereva wa gari la gesi aliyeona miili akasema. Afisa aliyetumwa alirudi akasema hakuona jambo. Mfiwa aliiamini nyumba ya mazishi kwa sababu ya jina lililo mlangoni. Nyumba ya mazishi ilimwamini Marsh kwa sababu ya baba yake. Serikali iliwaamini wote kwa sababu hakuna mfiwa aliyelalamika, na waliokuwa na haki ya kulalamika walikuwa wamekwisha pokea majivu wakatoa shukrani.

Lipo jambo la kisheria ambalo si la kupita haraka. Marsh alishitakiwa kwa makosa 787, na sehemu kubwa ilikuwa wizi wa kulaghai: kuchukua fedha kwa kazi isiyofanyika. Yaani sheria ilikuwa na lugha nyingi zaidi juu ya fedha za marehemu kuliko juu ya mwili wake. Wafiwa walipokwenda kwenye mahakama ya madai hawakumshitaki Marsh peke yake. Walizishitaki pia nyumba za mazishi, wakisema zilipokea fedha ya kumsitiri mtu wao kisha zikampeleka mahali zisipopakagua. Nyumba hizo zilikubali kulipa dola milioni 36 kumaliza kesi. Kwangu huo ndio moyo wa kisa. Wenye nyumba hizo hawakumtupa mtu kichakani, na pengine walilia kama wengine walipopata habari. Lakini mfiwa hakuwalipa kwa ajili ya maua na gari jeusi tu. Aliwalipa waangalie pale ambapo yeye, kwa uchungu alionao, hawezi kuangalia.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa haina siri. Mwili unapofika kwenye tanuri hupewa kibati kidogo cha chuma chenye namba. Kibati hicho huingia motoni pamoja nao na kutoka pamoja nao, ndiyo sababu hutengenezwa kwa madini yasiyoyeyuka kwa joto lile. Mtu mmoja huchomwa kwa wakati mmoja. Joto hupanda hadi nyuzi 800 au 900 za selsiasi, na kazi huchukua kama saa mbili. Kinachobaki si majivu kama ya jikoni. Ni mifupa iliyokauka, ambayo husagwa kwa mashine mpaka iwe unga mzito, mweupe unaoelekea kijivu, wa kilo mbili au tatu hivi kwa mtu mzima. Ukiutia maji haugandi. Saruji hugandamana. Matanuri mengi huwaruhusu jamaa wawepo mwili unapoingizwa, wakiomba. Wengi hawaombi, kwa sababu hawajui kwamba inaombwa, na mwenye nyumba ya mazishi hawaambii kwa kuwahurumia.

Huruma ya namna hiyo ina historia ndefu Marekani. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu kilichowakasirisha sana wenye biashara ya mazishi, akionyesha jinsi mfiwa anavyouziwa vitu asivyovihitaji wakati ambapo hana nguvu ya kukataa. Mwaka 1984 serikali kuu ilianza kutekeleza kanuni inayozilazimu nyumba za mazishi kumpa mtu yeyote anayeingia orodha ya bei iliyoandikwa, kila huduma na bei yake. Ni marufuku kumwambia mfiwa kwamba sheria inataka mwili utiwe dawa wakati haitaki. Ni marufuku kumlazimisha anunue jeneza ili marehemu achomwe. Kanuni nzuri, na imewaokoa wengi. Ila inasema bei. Mfiwa anaweza kuondoka na orodha ya kurasa nne mkononi, amejua gharama ya gari na ya ukumbi, bila kujua baba yake atalala wapi usiku wa leo.

Baada ya Noble, Georgia ilirekebisha sheria zake. Ungedhani majimbo mengine yangejifunza. Colorado, iliyofuta leseni za wasimamizi wa mazishi miaka ya 1980, iliendelea hivyo hivyo. Oktoba 2023, katika mji wa Penrose, polisi walifuata harufu mpaka kwenye jengo la nyumba ya mazishi iliyokuwa ikiendeshwa na mume na mke. Walikuta takriban miili 190 inaoza. Huko pia familia zilikuwa zimepewa unga wa zege badala ya majivu. Jina la biashara lilitangaza kumrudisha mtu kwa asili yake kwa namna isiyochafua mazingira. Mwaka uliofuata Colorado ikapitisha sheria ya kurudisha leseni.

Msomaji wa Mombasa au Tabora atasema haya ni mambo ya Wazungu, watu wanaomkabidhi mama yao kwa mgeni kwa simu. Kuna ukweli ndani yake. Kwetu Waislamu humwosha maiti wao wenyewe, jamaa akipewa nafasi ya kwanza, na siku hiyo hiyo ndugu huingia kaburini kumpokea. Bara, jamaa hupeleka nguo mochwari na kusimama pale marehemu akivikwa. Jeneza hufunguliwa watu wamwage machozi, na mwili hausafiri kwenda nyumbani usiku bila watu wake ndani ya gari. Hata kuchoma si lazima kuwe na pazia. Huku kwetu pia watu huchomwa: tanuri la Kariokor, Nairobi, ndiko walikochomwa mwanamazingira Wangari Maathai mwaka 2011 na Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, mwaka 2019. Mila ya Wahindu, ambao wamechoma wafu wao Afrika Mashariki kwa vizazi na vizazi, humtaka mtoto wa kiume awepo kwenye moto. Ubaya wa Noble haukuwa moto.

Lakini tusijisifu kabla ya kutazama tunakokwenda. Mijini sasa kuna kampuni inayokuja na kila kitu: mochwari, jeneza, mahema, viti, gari, mashine ya kushushia kaburini, mpiga picha. Kamati ya mazishi, ambayo zamani iligawana kazi, wewe kuni, wewe maji, wewe kaburi, sasa hukutana kwenye kundi la simu kuchanga fedha na kumtumia mwenye kampuni. Anapokea simu mtu mpole anayesema, "Poleni sana, mama. Nyinyi kaeni na wageni, mengine tuachieni sisi." Ni maneno ya faraja, na mara nyingi ni ya kweli. Ndugu aliyefia Houston au Minneapolis naye yuko katika hali hiyo hiyo, tena zaidi: watu wake wako Kisumu au Moshi, wanaomwona kwa picha tu. Gharama ya kumsafirisha inapowashinda, baadhi hukubali achomwe huko na majivu yaletwe. Wanaoyapokea uwanja wa ndege ni watu ambao hawajawahi kuona majivu ya mtu maisha yao yote.

Hao ndio ninaowafikiria ninapokisoma kisa cha Noble. Na sidhani kwamba wanahitaji kumshuku kila mwenye nyumba ya mazishi; mtu mwenye msiba akianza kushuku hatalala. Wanahitaji mmoja wao, asiye mfiwa wa karibu sana, mjomba au binamu mwenye kifua, apewe kazi moja tu: kuufuata mwili. Mambo ya chakula na mahema hayamhusu. Huyo aulize mapema, kabla ya fedha kutoka, mwili utakaa wapi na nani mwenye jengo hilo. Aulize kama kuchoma au kutia dawa kunafanyika pale pale au kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni nani, na mwenye nyumba alikwenda kwake lini mara ya mwisho. Aombe kuona namba iliyofungwa mwilini, aiandike, na aidai tena siku ya kupokea. Aombe awepo yeye au mtu wa familia aliye karibu. Kama yuko mbali, wapo Watanzania na Wakenya karibu kila mji mkubwa wa Marekani, msikiti wao na kanisa lao, na sijasikia jumuiya iliyokataa kumsindikiza mwenzao.

Nyumba ya mazishi yenye adabu hailioni hilo kuwa tusi. Wengine huwa wamekwisha jibu kabla hujauliza: wanakutembeza nyuma, wanakuonyesha friji, wanakuambia tanuri ni la fulani na sisi hupita kule kila mara, hii hapa karatasi yake. Ukoo uliofanya kazi hiyo kwa vizazi vitatu unajua kwamba jina lao liko juu ya mlango wa mbele, na kazi yao iko mlango wa nyuma. Ukikutana na anayesema kwamba hayo ni mambo ya ndani ya kampuni, mshukuru kwa muda wake na umhamishe mtu wako. Kabla hujatia sahihi, bado ni wako.