Bibi wa Moana na Wazee wa Murufiti

Mzazi wa Kigoma anapoipima filamu ya watoto, awe wa Ujiji anayetoka msikitini au wa Mwanga anayetoka kanisani, swali lake la kwanza huwa moja: humo ndani mna uchawi? Swali ni la haki, ila naona limekosa shabaha. Filamu za njozi karibu zote zina uchawi, na mtoto akizitazama anajua kuwa yumo hadithini, kama walivyojua babu na bibi zake walipoitikia "hadithi njoo". La kuuliza ni jingine: balaa likiingia katika filamu hiyo, nani anabebeshwa lawama, na kwa ushahidi gani? Kwa mkoa huu swali hilo si la burudani. Ni la imani, na limewahi kuwa la uhai na kifo.

Chukua Moana, filamu ya Disney ya mwaka 2016, ambayo kwa mtoto wa mwaloni Kibirizi au Katonga haina ugeni mwingi. Kisiwani samaki wametoweka, nyavu zinapanda tupu, nazi zinaoza kwa ndani. Hapa kwetu nako dagaa wamepungua, hata Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Sababu zinajulikana: uvuvi wa kupita kiasi, na jambo jingine ambalo watafiti walilieleza mwaka 2003, kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamezidi joto, hayachanganyiki tena vizuri na yale ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha dagaa kinapungua. Hakuna jirani katika maelezo hayo. Ila mvuvi aliyekesha na taa zake akarudi na ndoo moja, huku mwenzake wa mtumbwi wa pili akijaza, ni rahisi kwake kumtafuta jirani. Sasa angalia filamu inavyofanya. Kisiwani yupo bibi kizee, Tala, anayecheza peke yake ufukweni na mawimbi, na mwenyewe anakubali kwamba kijiji kinamwona kichaa. Katika vijiji vyetu vingapi mtu wa namna hiyo asingenyooshewa kidole siku nyavu zilipopanda tupu? Moana inamfanya bibi huyo kuwa ndiye anayejua ukweli. Na zimwi la moto linaloogopwa tangu mwanzo linagundulika mwishoni kuwa ndilo lililoibiwa na kudhulumiwa. Mwizi alikuwa Maui, shujaa anayesifiwa.

Linganisha na Snow White, filamu ya mwaka 1937 ambayo bado inaoneshwa kwa watoto. Malkia mwovu akitaka kuua anajigeuza kikongwe: mgongo umepinda, pua ndefu, tofaa la sumu mkononi. Kwa mtoto wa mbali huenda hiyo ni sura ya kuchekesha. Hapa kwetu sivyo: mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, umati uliwaua watu saba kwa kuwashuku uchawi. Watano kati yao walikuwa na zaidi ya miaka 60. Usukumani nako vikongwe wameuawa kwa miaka mingi, na kwa wengine "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Sisemi filamu ya Marekani iliwasha moto wa Kasulu; chuki hiyo ina mizizi yake hapahapa. Nasema tu kwamba picha ya bibi kizee kama mlango wa balaa haihitaji msaada zaidi mkoani Kigoma.

Shehe au mchungaji atanijibu kwamba nimelifumbia macho kubwa: katika Moana anayeumba uhai ni mungu wa kike, na bibi aliyekufa anarudi katika umbo la taa, yule samaki bapa. Siipuuzi hoja hiyo. Mzazi amwambie mwanawe waziwazi kwamba Muumba ni mmoja, na kwamba hizo ni hadithi za watu wa visiwa vya Pasifiki. Lakini ipo shirki iliyo karibu kuliko ile ya kwenye kioo. Aya ya 102 ya Al-Baqara, inapowataja wachawi, inasisitiza kwamba hawamdhuru mtu ila kwa idhini ya Mungu. Ayubu, anayeheshimiwa na Waislamu na Wakristo, alipatwa na misiba asiyoistahili, na hakuna mahali anapomsaka jirani aliyemroga. Katika Biblia ni rafiki zake waliong'ang'ania kwamba lazima yuko mwenye kosa, na Mungu akawakemea. Anayemwona ajuza nyuma ya kila radi na kila jeneza amempa ajuza huyo fungu katika enzi ya Mungu. Wengine watasema uchawi upo, vitabu vyenyewe vimeutaja. Uwepo basi; hata torati ya Musa ilidai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa, na Murufiti hapakuwa na kesi. Ama kuhusu umri, kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kuyapima haya, nadhani tunamdharau. Shirki atachelewa kuielewa, ila dhuluma anaijua mapema sana: mnyang'anye andazi umpe ndugu yake, uone.

Kwa hiyo mwenye kuchagua kati ya hizo mbili aanze na Moana, na ikiisha amuulize mtoto nani alisingiziwa na nani aliiba. Snow White ingoje mpaka mtoto awe amezoea kuwapa shikamoo vikongwe wa mtaani bila kuwaogopa. Siku hiyo ikifika, mzazi akae naye mpaka mwisho, amwambie pia kwamba bibi aliyepika kwa kuni maisha yake yote hupata macho mekundu, na kinachoyafanya kuwa mekundu ni moshi.