Wengi Wape, Lakini Si Kila Kitu

Wahenga walituusia wengi wape, na demokrasia imesimama juu ya wosia huo. Kura zikihesabiwa, wachache hukubali kushindwa na nchi ikasonga mbele. Lakini wosia haukutaja wengi wapewe nini, na kupitia mwanya huo serikali iliyochaguliwa kihalali inaweza kumpokonya raia uhuru wake bila kuiba kura wala kuvunja sheria. Nashikilia kwamba uhuru wa mtu ni sharti linalotangulia haki ya wengi kutawala. Serikali inayouhesabu kuwa hisani ya walioshinda imekwisha kupotoka, hata kama bado inapigiwa makofi.

Ushahidi upo Tanganyika. Ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, katiba yake haikuwa na hati ya haki za binadamu. Viongozi walitoa sababu zao waziwazi: taifa changa lilihitaji umoja na maendeleo ya haraka, na majaji, ambao wengi walikuwa wageni, wasingepaswa kukwamisha mipango ya serikali ya wananchi. Mwaka 1962 Bunge likapitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani, na mahakama zikakatazwa kuihoji amri yake. Hapakuwa na mapinduzi; palikuwa na wabunge, muswada na kura. Naamini wengi wao walikuwa na nia njema. Lakini nia ya mtunga sheria hufa naye, na mamlaka aliyoyaandika hurithiwa na yeyote atakayekalia kiti. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa Rais, aliwahi kukiri kwamba katiba ilimpa nguvu za kutosha kuwa dikteta. Hati ya haki iliingizwa katika katiba mwaka 1984 tu, na hata hapo serikali ilijipa miaka mitatu kabla ya mahakama kuweza kubatilisha sheria zinazoikiuka.

Wapo watakaosema kwamba maskini anahitaji chakula, maji na shule kabla ya kuhitaji hati za haki. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa njaa nayo ni kifungo. Hata hivyo, tazama nani aliumia pale ulinzi wa sheria ulipokosekana. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa ni amri, na katika miaka michache iliyofuata mamilioni ya watu wakahamishwa, baadhi yao nyumba zao zikichomwa moto ili wasirudi. Waliohamishwa hawakuwa matajiri. Mwenye mali hupata wakili au jamaa wa kumkingia kifua. Mkulima asiye na mtu hubaki na sheria peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: jaji hakuchaguliwa na mtu, kwa nini aizuie sauti ya umma? Jibu naliona katika Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ambayo nayo haikuchaguliwa kwa kura, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama mwaka 1991. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikahalalishwa. Je, wengi walidhulumiwa? Aliyekipenda chama tawala aliendelea kukipigia kura, asipungukiwe na lolote. Lakini kama asilimia 80 wangekubaliwa, waliobaki wangenyimwa hata nafasi ya kuwashawishi wenzao. Tume hiyo hiyo iliorodhesha sheria 40 ilizoziona kandamizi, na Sheria ya Kizuizini ilikuwa mojawapo.

Hapo ndipo mpaka wa wosia wa wahenga ulipo. Wengi wapewe serikali, kodi na sera. Wasipewe uwezo wa kumnyamazisha asiyekubaliana nao, kwa kuwa wengi nao hukosea. Laiti mkulima wa 1973 angeweza kuipinga amri ya kuhama mbele ya jaji asiyemwogopa Rais, taifa lingelijua kosa lake mapema, na kwa gharama ndogo zaidi. Mahakama inayomsikiliza mtu mmoja huwafaa hata wale wengi wanaotamani anyamaze.