Kelele Isiyo na Swichi

Desemba 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika, Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Watu walilia na friji zao. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ukitoa jenereta za mahoteli ya ufukweni, kijiji chetu cha Kiwengwa kilinyamaza, na kwenye redio yangu ya ridhaa, megahezi 7, nilisikia sauti dhaifu nisizowahi kuzidhania.

Umeme ukarudi na mngurumo wake redioni. Wiki mbili nilimshuku jirani, hata salamu nikampa nusu. Kisha usiku mmoja nikazima swichi kuu ya nyumba, nikaunga redio kwenye betri ya gari. Kimya. Nikawasha chumba kimoja kimoja, mke wangu akishika tochi: “Baba Asha, leo tena?” Mkosaji alikuwa chaja ya simu. Yangu.

Nikaitupa. Waya wa taa nikauzungusha mara saba kwenye pete ya feraiti ya kuzuia kelele, na jirani nikampelekea papai bila kumwambia sababu.

Lakini hata kila kitu kikizimwa, unabaki mchakacho kama wa mchanga. Karl Jansky, mhandisi wa Marekani, alitumwa kutafuta kinachochafua simu za redio. Mwaka 1933 akatangaza kwamba sehemu ya mchakacho huo inatoka katikati ya kundi letu la nyota.

Madrasa tulifundishwa kwamba kila kiumbe kinamsabihi Mola kwa namna tusiyoifahamu. Basi mchakacho huu niuite uchafu? Nani aliyesema masafa haya ni yangu, na nyota ndizo zinazoingilia?

Siku hizi, kabla ya kuita, naacha redio wazi dakika chache.