Ramani Wazi, Kitanda Hakuna

Watengenezaji wa gemu wana ubishi wao usioisha, na mimi naona unatuhusu sisi kuliko wao. Mtu ukimwachia dunia yote atembee atakavyo, utafanya nini ili kutembea kwake kumfikishe mahali? Na ukimwekea njia ya kupanda, ngazi kwa ngazi, uhuru wake unabaki wapi?

Nasema juu ya zile gemu za kunusurika, ambazo unaanza mikono mitupu, njaa inauma, giza linaingia. Vijana wa Nsambya na Katwe wanazijua vizuri. Minecraft, iliyotoka rasmi 2011, inakutupa porini bila kukuambia kitu. Mwishoni kuna joka la kupigana nalo, lakini hakuna anayekusukuma ulitafute. Mtu anaweza kulima ngano na kujenga nyumba mwaka mzima. Amekwama huyo, ao yuko huru? Mimi nasema yuko huru, na watu wa miradi wanaotaka kila mtu awe na "hatua inayofuata" wangemwangalia vizuri kabla ya kumwandikia ripoti.

Kuna gemu za namna nyingine. Grand Theft Auto: Vice City ya 2002 si ya kunusurika, ila mji wake uko wazi, unaendesha gari lolote. Lakini mwanzoni madaraja yamefungwa, eti kimbunga kinakuja. Ng'ambo unaiona kwa macho. Ufanye kwanza kazi za mabosi, ndipo daraja lifunguke. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, aliicheza hiyo kwenye laptop ambayo mama yake aliwekea akiba miaka mitatu. Baadaye yeye mwenyewe akaunda gemu, Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi. Humo hakuna kuzurura: ni kukimbia tu, na kutafuta maji na chakula. Namwelewa. Mtu anayefuatwa na risasi haulizi habari za ramani.

Sasa tuangalie ramani yetu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kutembea nchini na kufanya kazi. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo, na tuseme asante bila kunung'unika. Lakini kiwanja cha kulima na mgao wa chakula viko kambini, Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja. Ukichagua Kampala umechagua kujitegemea. Hakuna aliyefunga daraja, ni kweli. Ila angalia kitu ambacho wabishi wa gemu wanakisahau, juu wao wamekizoea: kitanda.

Katika Minecraft ukilala kitandani, siku ukifa unaamka palepale. Ndiyo maana unathubutu kuingia pangoni. Ukiondoa kitanda, hata ramani iwe kubwa namna gani, utakaa karibu na mlango. Basi naona ubishi wa uhuru na maendeleo hauwezi kuisha kwa kupima hivyo viwili tu. Cha tatu ndicho kinaamua: ukianguka, unaamkia wapi? Kambini kulikuwa na kitanda, ijapo chembamba, na tangu mgao ulipogawanywa kwa makundi 2023 kuna wasionacho hata huko. Mjini kuna ramani.

Mchukue mama anayebeba vitenge begani, Katwe mpaka Ntinda, kwa miguu. Hakuna anayeijua Kampala kama yeye. Anajua ofisi gani wananunua mwisho wa mwezi, duka gani linakopesha, kona gani askari wa jiji wanajificha. Kuzurura kwake ndiyo kazi yenyewe, kama ile gemu ya baharini, Subnautica, ambamo hakuna anayekukataza kwenda chini ila pumzi yako, na madini unayookota njiani ndiyo yanakutengenezea mtungi mkubwa zaidi wa hewa. Halafu anaitwa semina, anafundishwa biashara siku tano, anapewa cheti. Anavyo vinne sasa, vya sabuni, vya kushona, vya kuoka. Vyote ni vya ngazi ya kwanza. Ndugu zetu wa mashirika, huyu mama hakosi bidii wala ujuzi wa njia. Mwulizeni tu ni hasara ya kiasi gani anaweza kuipata siku moja na bado kesho yake atoke.

Katika Minecraft ukifa, mzigo wako unabaki pale ulipoanguka kwa dakika 5. Ukikimbia mbio unaukuta. Mama wa vitenge akikamatwa bila leseni, mzigo unapanda gari, na kuutoa ni kwa faini. Wengi wanapiga hesabu, wanauacha, na Jumanne wanaanza na vitenge vya mkopo.