Watoto wa Kichina katika shule za Kanisa: Fundisho kwa mzazi wa Kiislamu



Leo nataka tutazame jambo linalotokea mbali, huko Marekani, ingawa mwenye kuzingatia ataona linatuhusu.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, wazazi wenye uwezo kutoka China walianza kupeleka watoto wao kwa wingi katika sekondari za Marekani. Ilipofika 2016 idadi yao ilikuwa imepita 30,000. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 haimruhusu mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo kusoma sekondari ya serikali zaidi ya miezi 12, tena kwa kulipa gharama zote. Wakaelekea shule binafsi, na nyingi kati ya hizo ni za Kanisa Katoliki. Shule hizo nazo zilikuwa na shida yake. Katika miaka ya 1960 mwanzoni zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni tano, leo hawafiki milioni mbili. Mchina anataka Kiingereza na chuo kikuu, shule inataka ada. Wakaelewana.

Lakini mtoto huyu hakuingia darasani kusoma Hisabati na Fizikia tu. Amelelewa katika nchi ambayo chama tawala hakiamini Mungu, na shule ya serikali haikumfundisha dini yoyote. Sasa ana kipindi cha dini na mtihani wake. Siku ya Misa anaingia kanisani na wenzake. Komunyo hapewi, lakini anakaa, anasimama na anasikiliza. Akiishi na familia ya wenyeji, anaona chakula kikiombewa mezani, na Jumapili anakaribishwa kanisani. Wengi humaliza masomo wakaondoka kama walivyokuja. Wapo pia wanaobatizwa.

Nisieleweke vibaya, siwalaumu Wakatoliki. Kanisa lao lilitamka katika Mtaguso wa Vatikani mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe katika imani, na sisi Qur'an imetufundisha hivyo karne nyingi kabla (2:256). Shule iliyoandika jina la mtakatifu getini haikumficha mtu kitu. Swali langu ni kwa mzazi: kabla ya kumpandisha mwanawe ndege, alimpa nini cha kushika?

Jambo hili si geni kwa China. Mwaka 1847 kijana Yung Wing alichukuliwa na mwalimu wake mmisionari hadi Massachusetts. Akawa Mkristo, na mwaka 1854 akahitimu Chuo Kikuu cha Yale. Ni yeye aliyeishauri serikali yake, na kuanzia 1872 wavulana 120 wakapelekwa Marekani na kuwekwa katika nyumba za wenyeji. Baada ya miaka, wakubwa wakasikia kuwa vijana wanakwenda kanisani na wengine wamekata misuko yao ya nywele. Mwaka 1881 ikatoka amri warudi wote, na wengi walikuwa hawajamaliza masomo. Miili ikarudi, elimu ikakatika, na yaliyokwisha kuingia moyoni hayakuweza kutolewa kwa amri.

Sasa turudi kwetu. Waislamu wa mwanzo nao walihamia nchi ya Wakristo, Habash, kwa idhini ya Mtume (S.A.W.). Ja'far bin Abi Talib (R.A.) aliposimama mbele ya mfalme Najashi hakubabaika. Alimsomea Surat Maryam, mfalme akalia. Lakini wapokezi wa sira wanatusimulia pia habari ya Ubaydullah bin Jahsh, aliyehama pamoja nao akaritadi hukohuko, huku mkewe, Ummu Habiba (R.A.), akibaki imara. Nchi ilikuwa moja na mfalme mmoja. Kilichotofautiana ni kilichokuwa ndani ya nyoyo.

Ndugu msomaji, wengi wetu mijini tunapanga foleni kutafuta nafasi katika shule za Kanisa kwa sababu zinafaulisha. Sisemi kila anayefanya hivyo amekosea. Nasema tunauliza ada, matokeo na basi la shule. Je, tumeuliza kama mtoto ataruhusiwa kuswali Adhuhuri? Ijumaa atakuwa wapi? Ibada ya asubuhi ni lazima kwake au hapana? Yaulizwe kabla ya kulipa.

Kisha tufanye kazi yetu nyumbani. Mtoto asisikie habari za Nabii Issa (A.S.) na mama yake kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwalimu wa dini nyingine, ilhali Qur'an ina sura nzima yenye jina la Maryam. Likizo isiwe ya runinga na tuisheni tu, madrasa nayo ipate saa zake. Na baba, jioni ukirudi, muulize mwanao leo amefundishwa nini, umsikilize bila kumfokea.

Nabii Ya'qub (A.S.) alipofikiwa na mauti hakuwauliza wanawe juu ya mali wala vyeo. Aliwauliza watamwabudu nani baada yake (2:133). Wao walikuwa na jibu, kwa kuwa walilelewa nalo. Je, tukiwauliza wetu leo usiku, watatujibu nini?

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu. Amin.