Kihenge Chetu na Njaa ya Jirani



Kila mwaka, mavuno yakiisha kuingia nyumbani, hapa kwetu Ugogo hufuata swali ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Swali lenyewe ni hili: chakula tulichokiweka kwa jasho letu ni chetu peke yetu, au jirani aliyeishiwa ana haki ndani yake? Tukiulizwa kanisani, wengi wetu twajibu mara moja kwamba jirani ana haki. Lakini ifikapo mwezi wa pili, kibaba kinapogota chini ya kihenge, jibu hubadilika. Kwa hiyo yafaa tulipime jambo hili mapema, wakati bado tumeshiba.

Wako wanaosema kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Hao humkumbuka yule tajiri katika Injili ya Luka, aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akafa usiku uleule. Lakini Biblia hiyohiyo yatueleza habari za Yusufu, aliyekusanya nafaka ya Misri kwa miaka saba. Wote wawili walifikiria ghala. Tofauti ni kwamba tajiri aliwaza tumbo lake tu, na Yusufu alihesabu matumbo ya nchi nzima, na hata ya wageni. Tena tusome habari ya Yusufu mpaka mwisho. Nafaka ile iliuzwa, na watu wa Misri walimaliza fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, mwisho wakawa watumwa wa Farao. Ghala lililowaokoa na kifo ndilo lililowafunga. Mwenye chakula wakati wa njaa ana nguvu juu ya mwenzake, naye hana budi kuiogopa nguvu hiyo.

Hata hivyo, kuweka akiba ni wajibu, na wajibu huu una hesabu. Tuchukue nyumba ya watu sita. Kila mmoja akila nusu kilo ya nafaka kwa siku, ni kilo tatu kwa siku, na kwa mwaka mzima ni kilo 1,095, yaani gunia kumi na moja za kilo mia. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na anayekosa kuweka hana msimu wa pili wa kumponya. Basi aliyevuna gunia kumi na mbili, akauza nane mwezi wa saba bei ikiwa chini, ameuza chakula cha watoto wake. Miezi ya Januari na Februari atakinunua tena kwa bei ya juu, ikiwa fedha bado zipo.

Lakini tusiseme kwamba kila kihenge kitupu ni cha mvivu. Wazee wetu walituachia jina la Mtunya, njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosa. Wanahistoria hukadiria kwamba katika Ugogo watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Hao walijua kulima na kuhifadhi kuliko sisi. Vihenge vyao vilitolewa vitu kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Yule jirani aliyeuza gunia nane, na fedha zikaishia kilabuni na kwenye sherehe, anamtuma mtoto na kikapu. Je, tukimpa hatumzoezi uzembe? Hoja hii ina nguvu. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mwanafunzi anayefanyiwa hesabu na mwenzake hajifunzi hesabu. Lakini tumtazame aliyesimama mlangoni. Mtoto huyu hakuuza gunia wala hakunywa pombe. Mara nyingi mama yake naye hakuulizwa neno. Njaa haimtafuti mwenye kosa. Humwanza aliye mdogo. Kumfundisha baba kwa tumbo la mtoto si haki, hata kama baba astahili kufundishwa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mtu, nayo haisemi hivyo. Yampa chakula kwanza, jembe baadaye. Zamani mtu aliyekwenda kuhemea alipewa kazi ya kulima au kutwanga, akarudi kwake na mzigo kichwani pasipo aibu. Basi mtoto na apewe leo, na baba aitwe kesho shambani. Isiwe kumkopesha gunia moja alipe mawili wakati wa mavuno. Mkopo wa namna hiyo hukiacha kihenge chake cha mwaka ujao kitupu kabla hajapanda, na huko ndiko walikofika watu wa Misri.

Liko pia deni la maarifa, ambalo halipunguzi kitu kihengeni. Mama zetu walichuma mlenda wa porini mvua zikinyesha, wakaukausha, wakautwanga, ukawa mboga ya kiangazi. Waliokota ubuyu na ukwaju, wakaacha mti umesimama kwa ajili ya wengine. Walijua lipi huliwa, na lipi huliwa baada ya kazi ndefu. Kule Tarime, wakati wa ukame wa mwaka 1985, watu walikula mihogo michungu ambayo haikutayarishwa kwa siku za kutosha, na wengine walipooza miguu wasipone. Maradhi hayo huitwa konzo. Basi anayejua, akanyamaza, ana sehemu katika madhara ya asiyejua.

Vivyo hivyo katika kuhifadhi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumu ya ukungu uliokuwa katika mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kinga yake huanza wakati wa kukausha: mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, yasilale kwenye udongo. Kisha yapimwe. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, ufunge, utikise. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Na yule dumuzi, aliyeonekana kwanza mkoani Tabora mnamo miaka ya 1970 na kitu, watu wakamwita Scania, hupenda mahindi yaliyo katika magunzi na hata makopa ya mihogo. Tupukuchue mapema, tutumie dawa iliyoruhusiwa kwa nafaka, au mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa.

Hebu sasa turudi kwenye swali letu. Anayegawa chote, halafu mwezi wa tatu akaenda kuhemea mwenyewe, ameongeza tu nyumba moja yenye njaa. Na mbegu haigawiwi kwa kupikwa, kwa maana ni chakula cha mwaka ujao, chetu na cha jirani pia. Kwa hiyo twaona ya kuwa kosa letu kubwa ni kungoja mpaka mtoto asimame mlangoni ndipo tuanze kupima kama tumpe. Hapo hofu ndiyo itakayopima. Fungu la jirani litengwe siku ya mavuno, pamoja na la mbegu na la nyumbani, likae mahali pake, lijulikane si letu. Hapo tutakapompa hatutakuwa tumemfanyia hisani kubwa. Tutakuwa tumemkabidhi kilicho chake.

Twatoa shauri, si amri. Sikukuu ya Mavuno ijayo, kila nyumba iliyojaliwa ilete debe moja lililo kavu, mbali na sadaka yake ya kawaida. Wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama walipime, waliandike, walihifadhi chini ya kufuli mbili, na lisifunguliwe kabla ya mwezi wa kwanza. Atakayepewa asiulizwe anasali wapi. Na ikiwa mwaka huo hapana mwenye njaa, tumshukuru Mungu, tuyauze kabla hayajaharibika, na fedha zinunue mbegu za mtama na uwele kwa wasio nazo.